Beringi Iliyoitwa Figo

Jumatatu, 14 Julai

Mzee Gerishon ameuza nusu ya ploti. Gereji yetu hapa nyuma ya mtaa wa Mountain View itabaki na kibanda kimoja cha mabati na fundi mmoja chini yake. Mwingine atafute kando ya barabara. Wagombea ni wawili: mimi na Kibe. Mzee ametupa mtihani kwa pikapu yake mwenyewe, ambayo magurudumu ya mbele yanalia kama redio iliyokosa stesheni. La kulia langu, la kushoto la Kibe. Kila mtu amepewa beringi mpya. Ijumaa mzee atakuja kusikiliza. Gurudumu litakalonyamaza, fundi wake anabaki.

Kibe huweka beringi kwa nyundo. Kila kitu kwake ni nyundo. Mimi nimeona kwenye simu mzungu mwenye glavu safi akitoa beringi kwenye friza na kuisukuma mahali pake kwa vidole. Chuma kikishikwa na baridi hujikunyata, basi kinaingia bila ugomvi. Nimelifikiria hilo jioni yote. Hata mimi Julai hujikunyata, na sijawahi kuingia popote kwa urahisi.

Jumanne, 15 Julai

Niliilaza beringi juu ya mabati. Haikujikunyata. Ilipata umande tu. Baridi ya Nairobi ni ya binadamu, chuma hakiitambui.

Friza ya karibu ni ya Mama Valarie, mwenye bucha upande wa Kangemi. Shida ni kwamba Kibe hunywa supu pale kila mchana, na mdomo wa Mama Valarie hauna mlango. Nikisema ni beringi, kesho beringi ya Kibe nayo italala ubavuni mwa yangu. Nikaifunga kwa gazeti kama nyama inavyofungwa, nikamwambia ni figo.

Akaipima mkononi. Mbona nzito? Nikasema ni za fahali. Akataka kujua kwa nini nanunua kwingine halafu naleta kulaza kwake. Nikasema ni zawadi ya shemeji yangu wa Dagoretti. Akasema shemeji wa namna hiyo ashikwe kwa mikono miwili. Nilitoka nikimpenda huyo shemeji, ingawa sina.

Jumatano, 16 Julai

Kibe amevunja yake. Aligonga upande mmoja, ikaingia mshazari, ringi ya nje ikapasuka. Akaniomba aione yangu. Nikasema imepumzika.

“Injinia,” akasema, “kitu hupumzika kikiwa kimefanya kazi.”

Nilimhurumia muda wa kumaliza andazi. Baadaye nikaanza kutafakari ni ukuta upi wa kibanda unafaa kalenda.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeenda kuichukua. Haipo.

Mama Valarie hakuona tatizo lolote. Figo zilikuwa zimemwishia, Mzee Gerishon akaja sasa hivi akizitaka, daktari amemwambia aongeze damu. Akampa zangu. Mzee kama yule hanyimwi figo, na mimi nitarudishiwa nyingine mzigo ukifika kutoka machinjio ya Dagoretti. Akanishika bega, akasema nina roho nzuri.

Nikarudi gereji mbio. Mzee anakaa ng'ambo ya ua, naye alikuwa amenitangulia kufika. Gazeti limefunguka mkononi mwake, beringi ingali nyeupe kwa barafu. Wahu, mkewe, alikuwa ameipiga kisu, na kisu kimekatika. Mzee akaniuliza kwa upole, Kibe akisikia: “Okinyi, eti hizi figo ni zako?”

Hapa nilifikiri, tena nilifikiri vizuri. Nikikubali, Kibe ataijua siri ya friza. Na mzee atajua ni nani aliyetaka kumng'oa meno. Nikajibu kwamba figo zangu nilishazila.

Kibe akasema kama kitu hakina mwenyewe, yeye ana tundu tupu. Akaipokea, akaifuta kwa shati, akaielekeza, akaigonga mara moja kwa kipande cha mbao. Ikateleza ndani kama mtu anayerudi kwake. Kibe mwenyewe aliruka nyuma. Akautazama mkono wake kwa heshima mpya.

“Siku hizi nina mkono mwepesi,” akasema.

Mimi peke yangu nilijua ni baridi. Kuwa mtu pekee anayejua jambo ni upweke wa aina yake.

Ijumaa, 18 Julai

Mzee alilizungusha gurudumu la kushoto, akatega sikio. Kimya cha kanisani kabla ya sadaka. Akaja kulia, akakuta tundu. Akauliza beringi aliyonipa iko wapi. Nikasema iko mahali salama, jambo ambalo kwa mara ya kwanza wiki hii lilikuwa kweli.

Kibanda ni cha Kibe. Ameniruhusu kuweka jeki yangu chini ya mabati mvua ikinyesha. Mimi mwenyewe hakunitaja.

Jumamosi, 19 Julai

Mzee ni mtu wa huruma. Gurudumu la kulia bado linangoja. Nikileta beringi yangu mwenyewe na likanyamaza, atanifungia turubai ubavuni mwa kibanda. La sivyo, barabara.

Nimekaa nikachambua kosa langu bila kujionea haya. Friza haikukosea. Gazeti halikukosea. Hata uongo wenyewe ulikuwa imara. Kosa ni figo. Figo zinapendwa mno, na siri haifichwi ndani ya kitu kinachopendwa.

Nimenunua beringi, nikaifunga gazeti, nikaipeleka kwa Mama Valarie. Akauliza kama shemeji ametuma figo tena. Nikasema hapana, safari hii ni mapafu. Akakunja pua, akaisukuma chini kabisa ya friza. Moyo wangu ukatulia.

Akasema ni bahati, kwa sababu kuna bwana wa Muthangari mwenye mbwa wakubwa ambaye huja kuzoa mapafu yote kila Jumapili akitoka ibadani.

Nikamwambia asijali, yangu nitayapitia Jumatatu.