Ombi la Kumstaafisha Alfredi wa Mkunya

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji,

Shikamoo. Mimi ni Alfredi, yule mwenye mikorosho inayopakana na uwanja wa shule, mume wa Veridiana, yaani Mama Pendo. Najitambulisha hivyo ili unielewe tu, kwa sababu mtu huyo amepitwa na wakati na naomba kijiji kimstaafishe.

Mtandaoni naitwa Kocha wa Ndoa. Natoa mafunzo kwa video: namna ya kumsikiliza mwenzi, namna ya kuomba radhi, namna ya kuzima hasira kabla chakula hakijapoa. Wafuasi wangu ni maelfu, wengine wako Muskati. Wananiita mwalimu, wananiita taa. Nikiamka nikakuta wamenisifu, natembea kifua mbele mpaka shambani. Wakinipita kimya, hata uji haushuki. Sasa sikia ninayotendewa hapa kijijini.

1. Watu wananiita Alfredi. Juzi mashineni, mbele ya foleni nzima, mama mmoja aliniambia, "Alfredi, hebu nishikie gunia." Nikamshikia. Mtu wa hadhi yangu!

2. Mke wangu hazipendi video zangu. Sisemi moyoni, hilo ni lake na Mungu wake, nasema habonyezi alama ya kupenda. Nilipokuwa narekodi somo la "Msikilize Mkeo" nyuma ya nyumba, alianza kuniita nikamtue ndoo. Ilibidi nimfokee ili sauti yake isiingie kwenye somo. Kisha nikamnunia, jambo ambalo wafuasi wangu nimewakataza kabisa.

3. Hili ndilo lililoniumiza. Ijumaa bodaboda ilileta wageni kutoka Mkomaindo, kule Masasi: Hamudi na mkewe Ziada. Ndoa yao ilikuwa inavunjika, wakaja kumwona Kocha. Kwenye video huwa navaa koti la shemeji yangu. Wao walinikuta na kaptura, namenya mihogo. Hamudi akauliza, "Ndugu, Kocha yupo?" Nikajibu katoka. Mwenyekiti, ningefanyaje? Kaptura ilikuwa na kiraka.

Mama Pendo akatoka jikoni, akawatandikia mkeka. "Poleni na safari. Kocha mtamsubiri, lakini njaa haisubiri. Karibuni mihogo." Wakala, wakaongea. Hakuwapa hatua wala kanuni. Alimwuliza Hamudi swali moja tu: "Baba, ni lini ulimwuliza mwenzio kama amechoka?" Hamudi akainama. Ziada akalia. Walipoondoka walikuwa wameshikana mikono, wakaacha salamu kwamba Kocha ana mke wa maana, na mfanyakazi mpole.

4. Kesho yake niliweka mtandaoni picha yao, niliyoipiga kwa kujificha dirishani, na maneno: "Ndoa nyingine nimeiokoa." Mama Pendo akaandika chini yake, dunia nzima ikiona: "Hongera Kocha. Ukimwona Baba Pendo, mwambie hajanisemesha tangu Jumapili." Komenti hiyo imependwa kuliko masomo yangu yote kwa pamoja. Wananiuliza huyo mama anafundisha wapi.

Kwa hiyo naomba tuamue kidemokrasia. Kocha anajulikana na maelfu; Alfredi anajulikana na kaya chache, nazo zinamtuma magunia. Alfredi ameshindwa, aachie nafasi. Jina lake lifutwe miongoni mwa wakazi, ila mgawo wake wa salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, apewe Kocha, ambaye alimfahamu vizuri. Mkutano wa kijiji upitishe pia kwamba mke asiandike lolote kwenye ukurasa wa mumewe bila muhuri wa ofisi yako, na atakayeniita kwa jina la zamani atoe kuku. Mama yangu mzazi aongezewe muda wa kuzoea, yeye ndiye aliyelianzisha jina hilo.

Wasalimie nyumbani kwako, Mama Lois na watoto, na wajumbe wote wa serikali ya kijiji, hata wale waliocheka mashineni.

Wako katika kujenga ndoa imara,
Kocha wa Ndoa.

Nyongeza: Mama Pendo ameondoka jana, yuko kwa mama yake, kijijini Chiungutwa. Nilimtumia somo langu la kuomba radhi. Amejibu kwamba hamfahamu aliyetuma. Nakuomba sana, Mzee wangu, twende wote. Utangulie wewe kuongea, mimi sijui pa kuanzia. Na mlangoni wakiuliza umekuja na nani, tafadhali sema ni Alfredi.