Jekundu au la Njano

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku kubwa! Nimeyaona magari mawili na roho haijatulia tangu hapo.

Yako nyuma ya yadi ya matairi chakavu, chini ya maturubai. Nilikwenda kutafuta tairi moja tu la gari letu la mikate. Mwenye yadi, Dalali, akanitazama juu mpaka chini, akasema mtu mwenye sura kama yangu hafai kuhangaika na tairi moja. Akavuta turubai la kwanza. Mama yangu! Gari la Kiitaliano, la michezo, jekundu, limelala chini kiasi kwamba paka aliyekuwa juu ya boneti alishuka bila kuruka. Akavuta la pili. La njano, milango inafunguka kwenda juu. Yote mawili yametumika, amekiri, ila yalitumiwa na watu wenye heshima zao.

Jekundu lina injini nzima lakini halina kiti cha abiria. La njano lina viti vyote viwili lakini gia ya kurudi nyuma imegoma. Dalali anasema mtu mwenye maendeleo harudi nyuma. Kweli kabisa.

Masharti ni ya kiungwana. Namwachia gari la mikate. Najaribu moja, kisha lingine. Jumamosi saa sita mchana nachagua. Nitakalochagua ni langu, na gari la mikate linakuwa lake. Nisipochagua, anabaki na yote matatu. Nimetia sahihi. Mimi si mtu wa kushindwa kuchagua.

Kuna jambo dogo tu. Gari la mikate si langu. Ni la mke wangu, Mama Pacha (pacha wenyewe wameshahama, jina limebaki). Aliachiwa na marehemu baba yake. Oveni mbili ni zake, unga ni wake, mimi ni dereva. Miaka kumi na tisa kila alfajiri napeleka mikate mia moja na ishirini shule ya bweni, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kugeuza shingo kunitazama. Nimemwambia gari liko gereji. Hakuuliza zaidi. Shemeji, mdogo wake, ambaye kazi yake ni kuchoma mikate wala si kudadisi, ameuliza gereji gani. Ana kidomodomo yule.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeingia uani alfajiri na lile jekundu. Ngurumo yake imeangusha kalenda ukutani. Mama Pacha katoka na mikono imejaa unga. Nikamweleza kwamba ni la majaribio tu, kwamba mikate itafika shuleni kabla haijapoa, kwamba wateja hupenda kuona mtu anapiga hatua. Akauliza kitu kimoja: kreti zitakaa wapi.

Swali la uchokozi! Injini iko nyuma, buti liko mbele. Waitaliano wana akili zao. Buti limechukua mikate kumi na mmoja. Pale palipokosa kiti ikaingia kumi na mitatu. Mmoja juu ya dashibodi, mmoja mapajani kwangu. Jumla ishirini na sita. Shemeji akahesabu safari za kwenda na kurudi kwa vidole, polepole, mbele ya macho yangu, ili kunichoma.

Kati ya kwetu na shule kuna matuta sita. Gari la mikate huyapanda likiguna kidogo, basi. Jekundu limefika tuta la kwanza likakaa juu yake. Matairi ya mbele hewani, ya nyuma hewani, mimi katikati nimeshika usukani na kutabasamu. Wapita njia wanne wakaninyanyua. Nikawashukuru, kila mtu mkate wake. Tuta la pili, wengine wanne. Na la tatu. Watu wa mtaa ule ni wakarimu mno, na wana njaa. Nilipofika shuleni nilikuwa na mikate miwili, wa dashibodi na wa mapajani, na wa mapajani ulikuwa umebonyea.

Bwana stoo wa shule alikuwa langoni na daftari. Kengele imeshalia, wanafunzi wamekunywa chai kavu. Mikate mingine Shemeji aliifikisha kwa mkokoteni saa mbili, wakati haina faida tena. Bwana stoo akaandika: mara ya kwanza. Akasema ikifika ya pili, shule itachukua mikate kwa mwokaji wa ng'ambo ya barabara. Shule ndiyo mteja wetu mkubwa, na wa pili hatuna.

Lakini mwalimu mkuu alitoka ofisini akaomba kupigwa picha pembeni mwa gari! Miaka kumi na tisa sijawahi kuombwa picha. Siku imekwenda vizuri, ukiitazama kwa jumla.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimerudisha jekundu, nimechukua la njano. Mikate ya leo wameisukuma Mama Pacha na Shemeji kwa mkokoteni, wakatoka mapema, wakaiwahi kengele. Nimewapongeza. Wakaendelea kupanga kreti.

La njano lina hadhi ya peke yake. Ukiliendesha unajihisi waziri. Nimeingia nalo uani, nikafungua mlango, mlango ukaenda juu kama ilivyo desturi yake, ukatoboa bati. Ukanasa hapo. Nikatokea dirishani, kichwa kwanza, mikono chini. Mama Pacha alikuwa anaanua nguo. Alizianua zote, akazikunja, akaingia ndani.

Sasa anaongea nami kupitia Shemeji, ingawa sote watatu tumekaa meza moja. Amwambie shemeji yake apitishe chumvi. Amwulize shemeji yake gari la mikate litarudi lini. Nikamjibu Shemeji kwamba gereji wamesema siku yoyote. Shemeji akaguna. Nikamwambia ana wivu. Akasema hana, isipokuwa na watu wanaolala.

Tatizo jingine: gari limeingia uani pua mbele, na halirudi nyuma. Kutoka ni suala la kesho.

Ila moyoni narudi kwenye jekundu. Lilinguruma vizuri mno. Lakini la njano nalo! Nimeweka vijiko viwili mezani, kimoja cha jekundu, kimoja cha njano, nikafumba macho nichague. Shemeji akavichukua vyote viwili akaenda kuviosha.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Leo naandika kirefu kwa sababu leo nimevumbua kitu.

Niliamka kabla ya wote, niwawahi. Nikawaomba majirani wawili wauchomoe mlango kwenye bati, kisha walisukume la njano kinyumenyume mpaka barabarani. Nikaingia chumba cha oveni kimyakimya, nikabeba makopo kumi na mawili ya mikate kutoka rafuni, yamefunikwa kitambaa. Nikayapanga nyuma ya viti, kwenye kijiuwazi kilicho juu ya injini. Nikapita njia ya kuzunguka yenye tuta moja tu. Hesabu nzuri! Tuta moja badala ya sita!

Nikakaa juu ya lile moja. Alfajiri, barabara tupu, hakuna mtu wa kuninyanyua. Nikakanyaga mafuta. Injini inanguruma, gari halisogei. Nikakanyaga nusu saa nzima, maana mtu hakati tamaa.

Ndipo nikasikia magurudumu ya mkokoteni. Shemeji anavuta mbele, Mama Pacha anasukuma nyuma, kreti zimepangwa mpaka usawa wa kichwa chake. Kanga imemlowa jasho mgongoni. Wamepita karibu kabisa na dirisha langu. Shemeji alinitazama. Mama Pacha hakunitazama. Alibadilisha bega, akaendelea kusukuma, na kile kilima cha shule kilikuwa bado mbele yao.

Niliona aibu. Naandika wazi, hapa hakuna anayesoma. Nikawa mdogo kama kidonge cha piritoni. Nilitaka kushuka nikasukume naye, lakini mlango ulikuwa umenasa tena. Aibu hiyo ilidumu dakika nne nzima.

Kisha nikasikia harufu ya mkate. Wa moto! Nikageuka. Kumbe usingizi ulinifanya nikosee rafu. Makopo yale hayakuwa na mikate, yalikuwa na unga uliokandwa, unasubiri kuumuka. Na sasa umeiva! Chini umeungua, juu bado unateleza, lakini katikati ni mkate, tena mkate halali. Gari linaoka! Oveni inayotembea! (Kutembea kwenyewe ni suala la matuta.)

Nimetokea dirishani, nimekimbia nyumbani kumweleza Mama Pacha. Shemeji akanijibu kwa niaba yake kwamba mikate ilipungua kumi na miwili, na bwana stoo amesamehe kwa kuwa Mama Pacha alimwomba mwenyewe, na hatasamehe tena. Hakuna aliyeuliza kuhusu uvumbuzi wangu. Nimeula peke yangu, ile sehemu ya katikati.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimekata shauri. La njano.

Saa nne nikabadilisha. Jekundu. Saa sita nikarudi kwenye la njano. Nikalirudisha la njano yadini (wapita njia walilishusha tutani jana), nikamwuliza Dalali yeye angechagua lipi. Amesema angechagua gari la mikate, linawaka asubuhi bila kubembelezwa. Nimecheka sana. Mcheshi yule.

Analalamika pia kwamba mtu wake wa kuosha magari ameacha kazi. Alikuwa anayafuta vumbi, anayasukuma kwenda kivulini, na akipita mteja anakaa ndani na kushika usukani, ili ionekane magari yanagombewa. Nikampa pole.

Nimerudi nyumbani nikajuta kurudi. Mama Pacha alikuwa anafua suruali yangu ya Jumatatu. Ile karatasi yenye sahihi ilikuwa mfukoni. Ameianika kwenye kamba, kwa kibanio, katikati ya soksi zangu. Kila neno linasomeka.

Hakugomba. Afadhali angegomba! Alichukua pasi akaanza kunyoosha gauni lake la kijani. Gauni lile nimemwona nalo mara moja tu, siku ya mazishi ya baba yake. Shemeji mwenyewe alitoka nje akafagia ua ambao haukuwa na takataka. Nimejitia hamnazo, nimeomba chai.

Naogopa. Si kuhusu gari. Namwogopa Mama Pacha akinyamaza, na naogopa zaidi siku atakayoacha kuninyamazia akaondoka kabisa. Nimelala upande wa ukutani, nimejikunja, nikimwachia kitanda chote.

Hata hivyo, la njano.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimefika yadini saa sita kasoro robo, nimepiga pafyumu, na tamko langu nimelikariri njia nzima.

Mama Pacha alikuwa ameshafika. Amevaa gauni la kijani, amekaa ndani ya gari la mikate, upande wa usukani. Shemeji kakaa pembeni yake na kreti magotini. Dalali anatafuna mkate na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Ile karatasi imechanwa vipande viwili juu ya tairi. Kumbe Mama Pacha anajua kuendesha! Miaka yote hii! Nilimwuliza mbona hakuwahi kusema, na yeye, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, akanijibu mwenyewe. Alisema niliipenda sana ile kazi, hakutaka kuninyang'anya.

Nikainama nikafunga kamba za viatu.

Nikauliza, basi amempa Dalali nini badala ya gari? Dalali akaacha kutafuna. Shemeji akatazama nje. Mama Pacha akawasha gari, likawaka mara moja.

"Nimempa wewe," akasema. "Mpaka Juni. Utaosha, utasukuma, utakaa ndani wakija wateja. Baba Pacha, ulitaka gari. Nimekupatia mawili. Chakula utakikuta mezani saa moja, uje kwa miguu."

Likaondoka. Lilipita tuta la langoni likiguna kidogo. Nilisimama nikilitazama mpaka lilipokata kona, na machozi yalinitoka, kwa sababu amesema chakula kitakuwa mezani.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimefanya hesabu upya, na ukweli ni huu: nimeshinda! Asubuhi nakaa kwenye jekundu. Mchana nakaa kwenye la njano. Wengine hutafuta maisha yao yote wasipate hata moja. Na sikulazimika kuchagua! Shemeji, masikini, sasa ndiye anayebeba kreti kila alfajiri, na Mama Pacha dereva.

Jana jioni niliahidi. Nilimtazama Mama Pacha usoni, nikasema sitabadilishana kitu chake tena bila kumwuliza. Aliniongezea mchuzi. Ahadi ile niliitoa kwa moyo wangu wote, na gari la mikate sitaligusa.

Leo amekuja mteja, rafiki wa Dalali. Nikakaa ndani ya la njano kama nilivyofundishwa, nikashika usukani kwa uchungu wa mtu anayegombea. Tukazungumza kupitia dirishani. Magari hakuyataka. Ila yeye mwenyewe ana helikopta mbili, zimetumika kidogo, ziko kwenye ghala la mbolea. Moja ya buluu, haina mkia. Nyingine ya kijivu, mkia upo, ni panga la juu ndilo halizunguki. Hewani hakuna matuta! Hataki chochote kikubwa. Anatafuta oveni moja ya kuokea mikate, hata iliyotumika.

Mama Pacha ana mbili.

Sasa sijui. Ya buluu, au ya kijivu?