Mume Aliyetumwa Kiberiti

Tapeli wa kunipata mimi hajazaliwa. Nimekaa mjini miaka sitini, na mtu akifunga tu kamba za viatu mbele yangu najua kama ana nia mbaya. Ukimtoa yule aliyeniuzia dawa ya magoti, ambayo tuligundua baadaye kuwa ni rangi ya viatu, na yule wa pasi isiyohitaji moto, na mume wangu wa kwanza, hakuna aliyewahi kunipata. Kwa hiyo habari za Wakili nazisimulia kama mtaalamu.

Wakili hakuwa wakili. Sheria aliisomea mahakamani, upande wa washtakiwa, akahitimu mara tatu. Alikuwa na suti moja ya rangi ya majivu na mkoba mweusi, na ndani ya mkoba mlikuwa na gazeti la mwaka juzi na yai la kuchemsha. Akiubeba mkoba ule watu walimpisha njia.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, alikuwa kwenye foleni ya mashine ya kutolea pesa. Akaunti hana. Alipanga foleni kama wengine wanavyokwenda kuvua: unakaa, unatulia, kitu kitakuja. Na kweli kikaja. Kando ya pipa la takataka, kadi ya benki ilikuwa imelala chali kama mtu aliyeshiba. Wakili akaiangushia leso, akainama, akaokota vyote viwili, akajifuta jasho navyo.

Kadi ilikuwa na jina la mwanamke. Juu ya mashine palibandikwa tangazo: UKIOKOTA KADI YA MTU, IRUDISHE KAUNTA MARA MOJA. Wakili alilisoma mara mbili, kwa heshima, kama mtu anayesoma barua ya jirani.

Tatizo lilikuwa namba ya siri. Kubahatisha hakutaka. Mashine hukupa nafasi tatu kisha huimeza kadi, na Wakili alichukia sana kuona mtu anamezewa mali ambayo si yake. Akawaza: nani anaweza kuingia benki kuombea mwanamke namba mpya ya siri, asionekane mwizi?

Akafunga kifungo cha koti, akaingia ndani akiwa na sura ya mume.

Kaunta alikuwepo binti mmoja mwenye miwani mikubwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mke wangu anaumwa, hata kope hazinyanyuki. Na homa hiyo imempokonya namba ya siri, hakumbuki hata tarakimu moja. Kanipa kadi, kasema mume wangu, kaniletee namba mpya."

Binti akaitazama kadi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaitazama tena.

"Wewe ndiye mumewe?"

"Wa ndoa kabisa."

"Siku nyingi?"

"Binti yangu, tangu kadi hazijavumbuliwa."

Binti akasimama kwa nguvu, kiti kikaanguka nyuma yake. "Baba!" akapiga ukelele. "Jamani, baba yangu amerudi!"

Akazunguka kaunta akamrukia shingoni. Watu wote wa benki wakageuka. Binti akawaeleza huku akilia: kadi ile ni ya mama yake. Yeye alikuwa bado anatambaa baba yake alipotoka nyumbani kwenda kununua kiberiti, na huu ulikuwa mwaka wa ishirini na tatu hajarudi. Kwa hasira, mama alichukua mkasi wa kushonea akakata kichwa cha bwana harusi katika kila picha. Baba yake, kwa hiyo, alimjua kuanzia shingoni kwenda chini.

"Lakini mabega ni yale yale!" alisema, akimgeuza Wakili kulia na kushoto kama anayepima koti. "Na kifungo cha tatu kimelegea vile vile!"

Mlinzi wa mlangoni aliegemeza rungu lake ukutani akajifuta macho. Mama mmoja wa kwenye foleni akapiga kigelegele.

Wakili alipiga hesabu haraka. Aliyeokota kadi ana kadi. Aliyeokota mke mwenye kadi, mwenye nyumba, na binti kwenye kaunta ya benki, huyo ameokota benki nzima.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya kukwama, "umekua."

*

Mama mtu alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kilitazama barabarani, na sare za shule zilijaa mpaka dirishani. Alikuwa ameuma pini midomoni, anapinda sketi.

"Mama, nimekuletea baba."

Cherehani ikasimama. Fundi alimtazama Wakili kuanzia viatu, akapanda polepole, akafika masikioni, hapo akakaa kidogo. Kisha akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini.

"Kiberiti kiko wapi?"

Wakili akaukumbatia mkoba. "Duka lilikuwa limefungwa, mke wangu."

"Miaka ishirini na tatu?"

"Nikaenda la mbele yake. Kulikuwa na foleni."

"Mh. Foleni." Fundi akatikisa kichwa taratibu. "Pole. Karibu ndani, mume wangu. Vua viatu, nimefagia."

Msomaji, usimfanye fundi mjinga. Mume wake halisi aling'atwa na punda utotoni, sikio la kushoto likabaki nusu. Wakili alikuwa na masikio mawili mazima, tena makubwa. Fundi alijua pale pale kwamba ameletewa mume wa bandia. Ila alihitaji mume, awe wa aina yoyote, kabla ya Ijumaa.

Sababu ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa kutembea na kalamu tatu mfukoni asizoandikia. Mwezi uliotangulia alikuja amevaa nguo nyeusi, akalia kwa sauti: kaka amefariki, tena huko mbali, wamemzika huko huko. Akapokea rambirambi mtaa mzima. Kabla machozi hayajakauka akatoa karatasi. Nyumba iliandikwa jina la kaka, kaka ni marehemu, basi nyumba ni yake yeye mdogo mtu, na fundi afunge vyombo. Ijumaa afisa wa ardhi angegonga muhuri, na Jumamosi fundi angekuwa barabarani na cherehani yake.

"Kaburi liko wapi, shemeji?" fundi alikuwa amemwuliza.

"Mbali."

"Alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Wa ghafla."

"Nani alimwosha?"

"Shemeji, mbona unamsumbua marehemu?"

Fundi hakuamini hata koma ya maneno yale, ila kutoamini hakugongwi muhuri.

Basi akamkalisha Wakili, akampa maji, akaichukua kadi kwa binti yake, akamrudishia Wakili mkononi. "Kaa nayo wewe. Mume ndiye mweka hazina. Namba ya siri nitakunong'oneza Ijumaa tukiwa kwa afisa wa ardhi. Kuna jambo dogo tu pale, useme kwamba wewe u hai."

"Mimi ni hai," Wakili akasema.

"Basi kazi imeshafika nusu."

Siku mbili zile Wakili alifanya kazi ambazo hajawahi kufanya tangu kuzaliwa. Alipanda juu ya nyumba kuziba bati lililokuwa likivuja. Alizibua mtaro. Akakaza miguu ya meza, akabeba mitumba miwili ya vitambaa kutoka sokoni, akalipia umeme kwa fedha aliyoificha kwenye soksi, kwa sababu fundi alisema, "Baba mtu karudi, na nyumba iwe giza?" Alilala juu ya robota la sare, maana mume aliyepotea haingii chumbani mpaka asamehewe mbele ya ndugu. Kila mgongo ulipomuuma aliipapasa kadi mfukoni, ukapoa.

Alhamisi fundi alimtuma dukani. Akarudi mbio na kiberiti. "Umeona?" fundi akasema. "Dakika nne tu."

*

Ofisi ya ardhi ilikuwa chumba chenye feni ya mapanga mawili, la tatu likiwa limewekwa juu ya kabati kusubiri fundi. Mafaili yalifika dirishani. Muhuri ulifungwa mezani kwa mnyororo, kwani wa kwanza uliibwa. Nyuma ya muhuri alikaa afisa, mzee mnene asiye na haraka.

Shemeji mtu alikuwa ameshakaa, amevaa nyeusi. Wakili aliingia akiwa amefungua mikono.

"Mdogo wangu!" Akamkumbatia mpaka kalamu tatu zikadondoka.

"Huyu nani?" shemeji akafoka.

"Marehemu," fundi akajibu.

Afisa akafungua faili, akasoma, akamtazama Wakili juu ya miwani. "Marehemu, kaa pale. Una kitambulisho?"

"Mzee, kama ni kweli walinizika," Wakili akasema kwa upole, "basi kitakuwa kule kaburini, mfuko wa nyuma."

"Huyu si kaka yangu!" shemeji akapiga meza. "Kaka yangu ana sikio nusu!"

"Lilipona," Wakili akasema.

"Kaka yangu ni mfupi!"

"Nilikuwa bado kijana."

"Mzee, kaka yangu amekufa!"

"Nilipata nafuu."

Afisa akaandika kitu. "Marehemu anasema alipata nafuu. Una ushahidi wowote?"

Wakili akafungua mkoba kwa taadhima, akasogeza yai pembeni, akatoa kiberiti, akakiweka mezani. "Nilitumwa hiki."

Afisa akakitikisa sikioni, kikalia. Akaridhika nacho zaidi kuliko nilivyotegemea. Akarudi kwenye faili, akalamba kidole, akafunua ukurasa. "Naona hapa kuna duka pia. La vifaa vya ujenzi. Nalo limeandikwa jina la marehemu. Kwa hiyo kama yu hai, na duka ni lake."

Masikio mazima ya Wakili yakasimama. "Duka?" Habari hiyo hakuwa nayo. "Aa, duka langu! Mdogo wangu, umelitunza? Funguo niletee leo leo. Na mishahara yako ya miaka ishirini na tatu tutaizungumza, ulikuwa ukijilipa bila ruhusa."

Shemeji akageuka rangi. Nyumba ya kunyang'anya ni jambo moja, lakini duka lilikuwa ugali, mafuta na ada za watoto wake. Akasimama, akamnyooshea Wakili kidole.

"Mwongo mkubwa! Tapeli! Kaka yangu hana hata habari na hapa! Yuko kwa mke wake mwingine, ana watoto wanne, anafuga kuku! Jumanne tu nimeongea naye kwenye simu!"

Kalamu ya afisa ilisimama katikati ya neno.

"Jumanne," akasema, "umeongea na nani?"

Fundi hakumtazama shemeji. Alimwinamia Wakili, akamnong'oneza: "Tisa, saba, tano, moja. Tangulia ukatoe, utuletee na soda. Hapa patachukua muda."

Wakili hakungoja aambiwe mara mbili. Hakuwa amesaini hata nukta. Alichukua mkoba, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, akageuka, akatimua mbio na suti yake.

Mashine ya pesa haikuwa na foleni. Aliingiza kadi. Tisa, saba, tano, moja. Mashine ikafikiri, ikanguruma, ikaimeza kadi, ikatema karatasi ndogo: KADI IMEFUNGWA KWA OMBI LA MTEJA. JUMATANO, SAA TATU NA DAKIKA TANO ASUBUHI.

Wakili akaisoma. Kisha akahesabu kwa vidole. Kadi aliiokota saa nne.

Kumbe fundi aliidondosha saa mbili, akagundua kabla ya saa tatu, akampigia binti yake kazini, na binti akaifunga. Saa nne, mume alipojitokeza kaunta na kadi hiyo hiyo, binti alikuwa anajua vizuri anazungumza na nani. Alijua pia kwamba Ijumaa mama yake anatakiwa alete mume. Picha zisizo na kichwa zilikuwa za kweli. Machozi ndiyo hayakuwa.

"Mabega ni yale yale," Wakili akajisemea polepole. Akainua macho, akakutana na tangazo. Alikuwa ameirudisha kadi ya mtu, mara moja, na zaidi ya hapo akaziba bati.

"Shikamoo, baba mtu!" mlinzi akamwita kutoka mlangoni. "Binti yuko ndani, nimwite?"

Wakili akamtikisia kichwa. Alikaa kwenye ngazi, akafungua mkoba, akaanza kumenya yai.

Tumwache hapo, ale. Kule ofisini swali lilikuwa bado limesimama, na shemeji mtu alikuwa amejaribu kulitazama dirisha, feni, kiberiti na viatu vyake mwenyewe.

"Narudia," afisa akasema. "Katika karatasi yako hii uliyoapa, kaka yako ni marehemu tangu mwezi uliopita. Jumanne hii umeongea na nani kwenye simu?"

"Na... na marehemu, mzee."

"Alisemaje?"

Shemeji akajifuta jasho kwa kitambaa cha msiba. "Kwa kweli sikumsikia vizuri. Mtandao ulikuwa mbaya."

"Aa." Afisa akavuta droo, akatoa simu yake mwenyewe, akaiweka mezani kando ya kiberiti. "Hapa ofisini mtandao ni mzuri sana. Mpigie."