Kibali cha Kulala Ndani

Halmashauri ya Skarvnes ina furaha kuutangazia umma kwamba kuanzia Novemba mosi, hakuna mtoto wa chekechea atakayelala mchana ndani ya nyumba bila kibali. Hewa ya baridi hujenga taifa.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Torgeir Vikse, Mwenyekiti wa Kamati ya Usingizi wa Nje. Niliandikia ofisini, nimeegemea hita.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipokuja Ximena, mtaalamu wa mwani kutoka Chile, kukaa kwetu mwaka mmoja na binti yake wa miaka miwili, Amparo. Watoto wetu kumi na wawili walipangwa uani kwenye vigari vyao, kama ilivyo desturi yetu huku kaskazini, nyuzi nane chini ya sifuri, wakikoroma kama matrekta. Amparo alilia. Kwa mujibu wa ripoti, kilio chake kiliwaamsha wenzake wote, mbwa wawili na mchungaji wa kanisa.

Nikamwita mama mtu.

"Mama Amparo, mwanao anahujumu usingizi wa umma."

"Mheshimiwa, mwanangu anasikia baridi."

"Baridi ni hisia. Hisia haziko chini ya kamati yangu."

"Basi nipe kibali alale ndani."

"Kibali hupewa mtoto aliyelala nje siku tatu mfululizo bila usumbufu."

"Sasa akiweza kulala nje, kibali cha nini?"

Nikamwambia swali lake ni zuri, aliwasilishe kwa maandishi. Nikampa wiki moja amzoeze mtoto, la sivyo Amparo angepoteza nafasi. Hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia mtoto. Bila chekechea hakuna utafiti, na bila utafiti wangefunga mizigo kabla ya Krismasi. Alisimama, akaitazama hita yangu.

"Wewe mwenyewe umewahi kulala nje hata siku moja?"

Swali hilo liligusa hadhi ya ofisi. Nikaitisha Zoezi la Kielelezo. Wazazi walialikwa, gazeti likaja, kahawa na keki za wafo zikaandaliwa. Nikapanda kigari kikubwa cha kubebea watoto sita, magoti yakigusa kidevu. Solfrid, mkuu wa chekechea, akanifunika ngozi ya kondoo, akavuta zipu mpaka shingoni.

"Umebanwa, mwenyekiti?"

"Nimestarehe."

Dakika ya tatu meno yakaanza kugongana. Ya nne pua ikafa ganzi.

"Solfrid, zoezi limefaulu. Nitoe."

"Siwezi, mwenyekiti. Kifungu cha tisa. Aliyelazwa nje haondolewi ila kwa saini ya mzazi."

"Mjinga gani kaandika hayo?"

Solfrid akageuza karatasi ya kanuni, akanionyesha saini yangu.

Nikapiga kelele. Sikulia, kama gazeti lilivyodai. Nilitoa maelekezo kwa sauti ya juu. Wakampigia simu mama yangu, Gudveig, mwenye miaka themanini na minne. Alifika taratibu, akavaa miwani, akasoma kanuni zote, mbele na nyuma.

"Huyu?" akawaambia wazazi. "Huyu utotoni nikimtoa nje alikuwa analia mpaka mtaa mzima unachungulia madirishani. Miaka yake mitatu ya kwanza nilimlaza jikoni."

Uwanja ukaangua kicheko.

"Mama, saini tu!"

"Ngoja, Torgeir. Tuanze na huyu mdogo."

Akachukua kwa Ximena fomu ya kibali cha Amparo, akanichomekea kalamu kwenye upenyo wa zipu. Nikasaini. Mwandiko ulikuwa mbaya lakini halali kisheria. Ximena akaibusu ile karatasi, kisha akambusu mama yangu.

"Sasa yangu," nikasema.

"Wafo zinapoa," mama akajibu. "Tukimaliza tutakuja."

Wakaingia ndani wote. Amparo peke yake alibaki nyuma, akinitazama kwa huruma. Akachomoa chuchu yake ya mpira mdomoni, akaniwekea mimi, kisha akaenda zake kulala.

Daftari la chekechea la siku ile linaonyesha kwamba mtoto wa kumi na tatu kulazwa nje alitulia saa nane na dakika kumi.