Kitabu Kikuu cha Miadi

"Kuanzia tarehe mosi Machi 1994, hakuna mtumishi atakayekuwa na siri bila idhini."

Hivyo ndivyo ulivyoanza waraka wa Bwana Shitanda, Mratibu Mkuu wa Ofisi ya Uratibu wa Mambo Yanayohitaji Uratibu, Kakamega mjini. Watumishi wote kumi na wawili waliusoma ubaoni wakiwa wamesimama wima, kama waraka wenyewe ulivyoagiza.

Shitanda alikuwa na sababu, tena nzuri. Watu walikuwa wakitoweka kazini. Huyu kaenda kliniki, yule kapeleka ng'ombe kuogeshwa dipu, mwingine koti lake limebaki kitini likichapa kazi peke yake. Ndipo kikawekwa kaunta kitabu kimoja kikubwa cha miadi ya wote: ya kazi kwa wino wa buluu, ya binafsi kwa wino mwekundu. Kwa kulinda heshima ya mtu, miadi binafsi haikutaja shughuli. Iliandikwa herufi B, saa na mahali, kisha Mratibu Mkuu akaamua kama B hiyo ina uzito. Angeujuaje uzito wa jambo asilolijua? Hapo ndipo penye kipawa, na Shitanda alikuwa nacho.

Awinja, taipisti, alikabidhiwa kitabu akilinde. Yeye ndiye aliyetangulia kuandika: B, Ijumaa, saa sita, Khayega. Chini yake, kwa mwandiko mnene, Shitanda naye akaandika: B, Ijumaa, saa sita, Khayega.

"Zimegongana," Shitanda alisema. "Kanuni ya saba: B mbili zikigongana, ya mkubwa inahesabiwa kuwa ya taifa. Yako imefutwa."

"Mzee, hiyo siku haiwezi songa. Kuna wageni wanakuja kwetu, ni mambo ya..."

"Usiniambie." Aliinua mkono. "Siri yako ni haki yako."

"Lakini nikikosa naharibikiwa, mzee."

"Ndiyo maana nakulinda usiiseme."

Akampa barua yenye muhuri: asitoke kaunta Ijumaa kabla ya saa kumi na moja, na ruhusa yoyote itolewe na Mratibu Mkuu tu, kwa mkono wake, kitabuni. Awinja aliipeleka nyumbani wazazi waione. Kabla ya hapo alilia chooni dakika sita, akaziandika kwa wino mwekundu.

B ya Shitanda ilikuwa nzito kweli. Rafiki yake Osundwa wa Shirere alikuwa akimposea mwanawe Bravin, na alitaka msemaji mwenye maneno na gari. Osundwa alipoanza kumweleza msichana anafanya kazi wapi, Shitanda alimkatiza. Mambo binafsi, alisema, hayataki maelezo mengi.

Ijumaa Landrova ya ofisi, iliyoandikwa kitabuni kuwa inakwenda ukaguzi, iliingia kwa Mzee Shikanga, baba wa msichana, pale Khayega, dereva Phineas akiwa usukani. Kuku walinukia jikoni. Shitanda alisimama, akafungua kikao, akapitisha ajenda, akazungumza nusu saa bila kumtaja msichana.

"Umeongea vizuri," alisema Senje Jescah, shangazi wa msichana. "Sasa kwetu sharti msichana aitwe, aulizwe kama anajua hawa wageni. Akisema hajui, hakuna maneno, na kuku wetu, ingokho, haitoki jikoni."

"Aitwe basi."

"Hayuko. Amefungiwa kazini." Senje alitoa barua. "Ona ile kitu mkubwa wake aliandika. Wewe umesoma, hebu tusomee."

Shitanda alisoma kwa sauti iliyojaa, mpaka alipofika kwenye sahihi. Hapo alikohoa, akakunja karatasi.

"Mtu kama huyo," Shikanga aliuliza, "ako na mama?"

Shitanda alisema huenda ni kanuni tu. Kisha akasema ana neno la dharura mjini, na kwa kuwa barua haikuacha mlango mwingine, akaenda kumruhusu mwenyewe. Awinja aliinua macho akamwona mbele ya kaunta, amelowa jasho, akiomba kalamu nyekundu na kusema wageni wa kwao ndio aliowasindikiza.

"Kumbe B zetu zilikuwa moja," Awinja alisema. Alifunga kitabu, akakitia kwapani, akapanda gari.

Nyumbani Awinja aliitwa mbele ya wageni. Bravin alitazama viatu vyake.

"Awinja, hawa wageni unawajua?" Senje aliuliza.

"Bravin namjua, senje. Babake namjua. Hata Phineas namjua, ni mtu mzuri." Alifika kwa Shitanda akasimama. "Huyu wa suti nilitaka kumwambia mambo yangu, akanikataza. Kwake hakuna kujuana. Mimi nitasemaje namjua?"

"Basi atatungojea nje kidogo," alisema Shikanga kwa upole.

Osundwa hakubisha, alihitaji mkwe kuliko msemaji. Phineas aliombwa ashike usemi. Alisema sentensi nne, zote fupi, na wazee wakaelewana. Firigisi, heshima ya msemaji, ambayo Shitanda alikuwa ameifikiria tangu Jumatatu, iliwekwa kwenye sahani ya dereva.

Saa kumi na moja Awinja alitoka. Shitanda alikuwa ameegemea Landrova, iliyofungwa, ufunguo ukiwa ndani ya nyumba, mfukoni mwa Phineas aliyekuwa akishushia chakula kwa chai. Awinja hakumletea sahani. Alimfungulia kitabu juu ya boneti, akampa kalamu nyekundu.

"Hii ya kungoja nje pia uandike, mzee," alisema. "Sababu hatuulizi."