Dondoo Zako Zimeiharibu Nyumba Yetu

Ndugu Mhariri wa Safu ya Ufundi,

Natumaini u mzima, maana nataka uisome barua hii ukiwa na nguvu zako zote.

Dondoo zako za kukata mbao na plastiki ya akriliki kwa mashine ya leza zilinipa wazo la kutengeneza mfano wa nyumba tulimozaliwa, mimi na dada yangu, tukaihama utotoni. Dada anakuja kesho. Wengine wametangulia, tumebaki wawili tu tunaoijua nyumba ile, na nataka aione tena. Malalamiko yangu ni haya:

1. Umeandika kwamba plaiwudi ipimwe unene kabla ya kukatwa, kwani vipimo vya dukani si vya kuaminika. Yaani muuzaji mwongo, kiwanda nacho vilevile, mkweli ni wewe peke yako! Sikupima. Sasa kuta zinacheza kama meno ya mzee, na hayo nilikuwa nayo tayari.

2. Eti leza hula ubao kidogo inapopita, kwa hiyo ndimi za kuunganishia ziongezwe upana. Tangu lini mteja akailisha mashine?

3. Ulionya kwamba gundi ya supaglu huacha ukungu kwenye akriliki, lakini ulionya kwa herufi ndogo, ukurasa wa nyuma. Madirisha yangu yote yana mtoto wa jicho.

4. Binti mwenye mashine ya leza, aliyenikatia mbao, kwa kukusoma wewe, ameota mapembe. "Babu, una uhakika na mchoro huu? Tukate kwanza mfano wa karatasi ngumu, uutazame." Mbele za watu! Mimi ambaye kila nikifumba macho huku ugenini napanda ngazi zile hadi roshani!

Kwa hayo, naomba safu yako ifungwe, mashine zote za leza zirudishwe zilikotoka, nawe ukaanze upya kujifunza kushika msumeno.

Wasalimie wapiga chapa, mhasibu na mlinzi wa getini. Hao sina ugomvi nao.

Ni mimi, msomaji wako kwa bahati mbaya,
Mzee wa Chumba cha Uani

N.B. Dada amewahi, amefika leo, barua ikiwa bado mezani. Ameizunguka nyumba, akacheka hadi akakaa chini. "We mtoto, hii si ya yule jirani mwenye duka? Ulikuwa ukishinda kwao, mama anakuita huitiki. Sisi roshani tungeitoa wapi?" Kisha akanichorea yetu mezani kwa kidole: vyumba viwili, mlango mmoja. Tafadhali usiichape barua hii. Plaiwudi iliyobaki itatosha, tena itazidi.