Kilo Tano Kabla ya Kiazi

Jumatatu, 2 Juni
Nina chumba cha rubani! Kiko kwa Shangazi Kalista, Uyole, nyuma ya magunia ya viazi. Laptop kuukuu yenye mchezo wa kurusha ndege, usukani wa bomba la plastiki, saa za ndege za vifuniko vya ndoo. Nimechora mwenyewe! Brayson wa jirani kaja, kacheka. Eti rubani gani mishale yake yote imelala. Mtu mwenyewe ana chumba kama changu, na saa za kwake kachapisha stesheneri!

Jumanne, 3 Juni
Dawa imepatikana. Mizani ya Shangazi, ile ya kuning'iniza: uso wa mviringo, mshale, ndoano chini. Nimefunga ndoano kwa kamba kwenye usukani. Nikivuta, mshale unapanda kweli! Juu ya kilo nimebandika karatasi ya futi, kwa gundi kali. Kilo moja, futi elfu moja. Akili hizo! Shangazi huuza Jumamosi tu, hatajua. Nilipokata antena ya redio yake aliapa: nikiharibu kitu kingine, narudishwa Makongolosi kwa baba, nikavute kamba kwenye shimo la dhahabu. Siendi! Na huku si kuharibu. Ni kuazima.

Alhamisi, 5 Juni
Brayson kaja tena. Kaangalia weee, kavuta usukani mwenyewe. Kisha eti ndege yangu iko chini, Mbeya, mbona inasoma sifuri? Kwani Mbeya iko ufukweni? Nimechukia! Nimechukia zaidi kwa sababu ni kweli. Mji wetu uko juu futi elfu tano na ushee. Nimezungusha skrubu ya mizani mpaka mshale ukasimama kwenye tano. Hapo nikaandika MBEYA kwa kalamu nyekundu. Brayson kaondoka bila kuaga. Wivu!

Jumamosi, 7 Juni
Nilikusudia kubandua karatasi alfajiri. Gundi ikagoma. Shangazi akaibeba mizani hivyo hivyo, hajaitazama.

Sokoni Mama Veneranda wa chipsi akataka kilo tano. Mshale ulikuwa kwenye tano kabla ya kiazi hata kimoja! Akauliza Mbeya ni kilo ngapi, maana yeye kazaliwa hapa na hajawahi kuuziwa. Watu wakaangua kicheko. Nikaeleza vizuri tu: toa Mbeya, futa sifuri tatu, kinachobaki ndio uzito wa viazi. Aliyesoma angeelewa! Mama Veneranda akasema mwe, kumbe Kalista kanipunja miaka yote, akahamia meza ya pili. Wenzake wakamfuata. Shangazi akafunga magunia. Akahesabu nauli ya Makongolosi. Bora angenichapa.

Jumapili, 8 Juni
Makongolosi. Vumbi la Chunya bado liko puani. Nimeonewa! Brayson alikuja stendi kunipungia mkono, eti safari njema, kapteni. Nyoo!

Baba ana kamizani kadogo ka kupimia dhahabu. Namba zinawaka zenyewe, nyekundu! Kaniambia nisikaguse, ndiko kanakotulisha. Sijakagusa. Nimeona tu kamefungwa kwa skrubu nne.

Bisibisi ninayo.